Wikendi Granada kwa Mwanafunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wetu walioko Hispania, wawe wamekuja kwa muhula mmoja au kwa shahada nzima, wenye nafasi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku na pochi ya mwanafunzi. Maswali haya ya safari ya Granada, mji wa kusini mwa Hispania, hurudi kila muhula. Hayakupangwa kwa umuhimu, isipokuwa la kwanza. Hilo lisome hata kama mengine utayaruka.

Nianze kukata nini: treni, hosteli au tiketi ya Alhambra?

Tiketi ya Alhambra, ngome na makasri ya masultani wa ukoo wa Nasrid juu ya kilima cha Granada. Wengi huanza na usafiri kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kupanga safari, halafu wakigeukia Alhambra wanakuta siku zao mbili zimejaa. Makasri ya Nasrid, ambayo ndiyo yanayowaleta watu pale, huingiza idadi maalumu ya wageni kila nusu saa. Majira ya kuchipua na wakati wa sikukuu nafasi huisha wiki kadhaa mapema. Kwa hiyo tazama kwanza ni Jumamosi ipi ina nafasi, kata, kisha vitu vingine vyote vifuate saa hiyo.

Nunua kwenye tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra y Generalife. Ukitafuta mtandaoni, watakaotokea juu ni wauzaji wa pembeni ambao huunganisha tiketi ileile na kiongozi wa watalii ambaye hukumwomba, na bei inapaa. Unayoitaka inaitwa Alhambra General, takriban euro 20, nayo inakuingiza kwenye ngome ya Alcazaba, makasri ya Nasrid na bustani za Generalife. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama wenzako darasani wanakujua kwa jina jingine, maana mlangoni wanalinganisha.

Saa iliyochapwa kwenye tiketi ni ya kuingia makasri ya Nasrid tu. Ikisema 10:30, maana yake saa nne na nusu asubuhi uwe kwenye foleni ya makasri yenyewe. Lango kuu liko upande wa Generalife, na kutoka pale hadi kwenye makasri ni mwendo wa robo saa, zaidi kidogo ukisimama kupiga picha, na utasimama. Mwenye tiketi tayari apitie Puerta de la Justicia, lango lililojengwa mwaka 1348, ambalo linakutoa karibu kabisa na makasri.

Tiketi zimeisha. Ndiyo basi?

Bado. Tiketi zinazorudishwa huonekana tena kwenye tovuti, hivyo fungua asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Kuna pia ziara za usiku za makasri, ambazo wengi huzisahau. Huoni bustani, lakini watu ni wachache na taa za chini zinazitendea haki nakshi za ukutani kuliko jua la mchana. Granada Card, kadi ya vivutio vya mji mzima, ina mgao wake wa nafasi za Alhambra, ila ni ghali. Ya mwisho ni tiketi ya bustani, Generalife na Alcazaba bila makasri. Hiyo inunue ikiwa tu umeshafika Granada na huna namna nyingine. Kusafiri saa tano kwa ajili ya bustani peke yake sishauri.

Ujue pia kuwa sehemu ya kilima haina malipo kabisa. Unaweza kupita Puerta de la Justicia, kutembea barabara ya ndani na kuingia ua wa kasri la Carlos V bila tiketi yoyote.

Naenda kwa usafiri gani?

Kutoka Madrid kuna treni ya mwendo kasi tangu Juni 2019, inachukua saa tatu na nusu hivi. Ukikata mapema bei huwa ya kibinadamu. Ukikata Alhamisi kwa safari ya Ijumaa, utalia. Basi huondoka Estación Sur, Méndez Álvaro, huchukua kama saa tano na ni nafuu zaidi. Kutoka Sevilla basi ni saa tatu, kutoka Málaga chini ya saa mbili. Stendi ya mabasi ya Granada iko mbali na katikati ya mji, lakini metro na mabasi ya mjini hufika. Metro haipandi Alhambra. Huko unapanda basi dogo C30 kutoka Plaza Isabel la Católica, au unatembea kwa Cuesta de Gomérez, mpando wa dakika ishirini chini ya miti, na njiani unapita maduka ya mafundi wa magitaa. Tembea.

Nahitaji viza au kibali cha kutoka mji mmoja kwenda mwingine?

Ndani ya Hispania, hapana. Chukua pasipoti halisi na kadi yako ya ukazi, ile TIE. Pasipoti itaombwa hosteli, kwa kuwa sheria inawataka waandikishe kila mgeni, na itaombwa Alhambra. Picha ya pasipoti kwenye simu usiitegemee. Anayesoma Ufaransa, Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen huingia kwa kibali chake cha ukazi bila viza ya ziada, mradi asizidishe siku 90 katika kila 180. Anayesoma Uingereza na ana pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, na miadi ya ubalozini inaweza kuchukua muda mrefu kuliko tiketi ya Alhambra.

Nikishaingia makasri ya Nasrid, nitazame nini?

Maji na kuta. Watu huingia wameinua simu, wanapiga picha za kila dari na kutoka baada ya dakika arobaini. Hakuna atakayekufukuza ukikaa zaidi. Saa ni ya kuingia, ya kutoka haipo.

Ukoo wa Banu Nasr, ndio hao Nasrid, ulianza kujenga pale mwaka 1238, lakini vyumba vingi unavyoviona ni vya masultani wawili wa karne ya 14, Yusuf I na mwanawe Muhammad V. Utapita kwanza ukumbi wa Mexuar, halafu ua wa Arrayanes wenye bwawa refu na vichaka vya mihadasi pembeni. Simama mwisho wa bwawa. Mnara wa Comares unajirudia wote majini. Ndani ya mnara huo ndimo sultani alimopokea mabalozi. Aliketi akiwa na madirisha nyuma yake, ili mgeni aingiaye aone kivuli cha mtu mbele ya mwanga, asiweze kuusoma uso wake. Dari ya chumba hicho imeunganishwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 8,000, vikipangwa kuwa mbingu saba.

Kisha ua wa Simba. Simba ni kumi na wawili, wa marumaru, na enzi za masultani maji yalitoka vinywani mwao bila pampu, kwa mteremko. Yaliletwa na mfereji unaoitwa Acequia Real, uliochimbwa kutoka mto Darro kilomita kama sita juu ya mji. Bila mfereji huo kilima kile ni kikavu, pasingekuwa na bustani, bafu wala mji wa kifalme. Vyumba viwili vinavyotazamana na ua huo, Abencerrajes na Dos Hermanas, vina madari ya plasta yaliyochongwa vipembe maelfu kwa maelfu. Shingo itauma. Kaa kwenye ukingo kama walinzi hawajakataza, utazame taratibu. Ile alama nyekundu kwenye beseni la chumba cha Abencerrajes ambayo viongozi wa watalii huiita damu ya wakuu waliochinjwa ni kutu.

Maandishi ya Kiarabu yaliyojaa ukutani yanasema nini?

Linalojirudia kuliko yote ni kaulimbiu ya ukoo huo: *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ukishajifunza umbo lake utaliona kila mahali, hadi kwenye vigae. Msomaji aliyepita chuoni utotoni ataweza kuokota maneno mengi peke yake, na hiyo ni raha ambayo watalii wengi hawaipati.

Mengine ni mashairi, nayo mara nyingi huzungumza kwa nafsi ya kwanza: chumba kinajisifu chenyewe, chemchemi inajieleza yenyewe. Beti zilizozunguka beseni la simba ni za Ibn Zamrak, waziri na mshairi. Mwalimu wake alikuwa Ibn al-Khatib, waziri mkubwa na mwanahistoria, ambaye baadaye alishtakiwa uzushi na kunyongwa gerezani Fez, Morocco, mwaka 1374, na mwanafunzi wake huyo alikuwa miongoni mwa waliomsukuma huko. Ibn Zamrak naye akaja kuuawa. Kuta tulivu zile zimeandikwa na watu waliokuwa wakiwindana.

Ni kweli msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa alifika Granada pia?

Kweli. Pwani yetu aliizuru mwaka 1331: Mogadishu, Mombasa, kisha Kilwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wa kasri la Husuni Kubwa. Granada alifika karibu mwaka 1350, wakati wa Yusuf I. Sultani alikuwa mgonjwa na hawakuonana, ila mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu.

Akiwa huko, alikutana bustanini na kijana mmoja wa mji huo, Ibn Juzayy, mwandishi hodari. Miaka michache baadaye wote wawili walikuwa Fez, na sultani wa Morocco alipotaka safari zile ziandikwe, Ibn Battuta alisimulia na Ibn Juzayy akaandika, wakamaliza mwishoni mwa 1355. Kwa hiyo yale maelezo ya Kilwa ambayo sote tumeyakuta kwenye vitabu vya historia shuleni, ya mji mzuri na sultani mkarimu, yalipita kwenye kalamu ya Mgranada. Kila nikiulizwa Mswahili anafuata nini Granada, jibu langu ni hilo, na huwa sioni haja ya kuongeza.

Au niongeze moja. Mshairi mwingine wa Granada, al-Sahili, alikutana na Mansa Musa wa Mali kwenye hija, akafuatana naye hadi Afrika Magharibi, na jina lake limefungamana na msikiti wa Djinguereber wa Timbuktu. Alifia huko Timbuktu mwaka 1346.

Lile jengo kubwa la mawe katikati ya Alhambra, mbona halifanani na mengine?

Ni kasri la Carlos V, mfalme wa Hispania na mjukuu wa walioiteka Granada. Lilianza kujengwa mwaka 1527 kwa ramani ya Pedro Machuca: mraba kwa nje, ua wa duara kamili kwa ndani. Carlos mwenyewe hakuwahi kuishi humo, na jengo lilikaa bila paa hadi karne ya 20. Kuna wanaolichukia kwa sababu lilibandikwa kifuani mwa makasri ya Kiislamu. Mimi naona ua ule ni mzuri sana, na pia naona mahali lilipo ni ubabe mtupu. Simama katikati ya duara useme neno. Sauti inarudi kwa namna ya ajabu.

Nini hasa kilitokea mwaka 1492, na baadaye?

Tarehe 2 Januari 1492 Muhammad XII, sultani wa mwisho wa Granada, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa Isabel na Fernando, malkia na mfalme wa Kikristo wa Hispania. Haukuvunjwa kwa vita vya siku hiyo. Ulizingirwa, ukachoka, na mkataba ulikuwa umetiwa saini Novemba 1491. Mkataba huo uliwaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao, mahakimu wao na mali zao.

Ahadi ilidumu chini ya miaka kumi. Mwaka 1499 Kardinali Cisneros alianza kubatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Mapokeo ya mji yanautaja uwanja wa Bib-Rambla, ambao leo umejaa mikahawa na vibanda vya maua. Watu waliasi, na uasi ukawa kisingizio cha kusema mkataba umevunjwa na wao. Mwaka 1567 amri ilipiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu, yaani bafu za umma. Vita vya milima ya Alpujarras vikafuata, 1568 hadi 1571, na kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu waliokwishabatizwa walifukuzwa Hispania nzima. Wayahudi walikuwa wameshafukuzwa zamani, kwa amri iliyotiwa saini Alhambra hapohapo tarehe 31 Machi 1492. Na ilikuwa Santa Fe, kambi ya kijeshi jirani na Granada, ambako Columbus alipata mkataba wake wa safari Aprili mwaka huohuo.

Kila tarehe 2 Januari mji husherehekea kukabidhiwa huko kwa gwaride, na kila mwaka wengine hujitokeza kupinga. Siku hiyo hiyo watu hupanda mnara wa Vela, Alhambra, kupiga kengele. Wanasema binti akiipiga ataolewa mwaka huo. Foleni ni ndefu.

Isabel na Fernando wamezikwa hapo kweli?

Ndiyo, katika Capilla Real, pembeni mwa kanisa kuu. Juu kuna sanamu za marumaru za kifahari, lakini shuka ngazi fupi utazame chini: majeneza ya risasi, meusi, bila pambo. Isabel alikufa 1504, Fernando 1516, na walihamishiwa hapo mwaka 1521 baada ya kulazwa kwanza katika nyumba ya watawa iliyokuwa ndani ya Alhambra. Upanga wa Fernando na taji la Isabel vipo kwenye chumba cha makumbusho. Picha haziruhusiwi. Kiingilio kipo, na kinafaa kulipwa kuliko cha kanisa kuu, ukilazimika kuchagua.

Albaicín ni nini, na nivae viatu gani?

Ni mtaa wa kale unaoitazama Alhambra ng'ambo ya mto Darro, na UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, miaka kumi baada ya Alhambra. Kuta nyeupe, vichochoro kama vya Mji Mkongwe wa Unguja ila vimeinamishwa kwenye mlima. Viatu viwe vya soli ya mpira: njia zimetandazwa kokoto laini, mvua ikinyesha zinateleza. Mwenye sanduku la magurudumu asichukue chumba Albaicín ya juu. Au achukue, halafu ajifunze kubeba.

Pita Carrera del Darro, barabara nyembamba kando ya mto. Humo utakuta Bañuelo, hamamu ya karne ya 11 yenye matundu ya nyota kwenye dari, moja ya majengo machache ya Kiislamu ya umri huo yaliyobaki mjini. Halafu panda hadi Mirador de San Nicolás. Machweo hapo ni mazuri na yamejaa: magitaa, wauza bangili, wanandoa, na mikono myepesi mifukoni mwa watu. Nenda alfajiri badala yake, au panda zaidi hadi San Miguel Alto kama miguu bado ipo. Basi dogo C31 hufika San Nicolás kwa aliyechoka.

Pa kuswali papo?

Papo. Msikiti mkuu wa Granada uko hatua chache kutoka San Nicolás. Ulifunguliwa mwaka 2003, baada ya mji kukaa takriban miaka 500 bila msikiti uliojengwa kwa kazi hiyo. Bustani yake huwa wazi kwa wageni nyakati za mchana, na inatazama Alhambra kama pale San Nicolás, bila msongamano. Asiyekuwa Mwislamu anakaribishwa bustanini. Avae kwa staha na asiingie na chupa ya bia.

Wanasema Granada chakula ni bure. Kuna mtego gani?

Hakuna mtego, kuna utaratibu. Ukiagiza kinywaji kwenye baa, unaletewa kitafunio bila kulipa zaidi. Kinywaji cha pili, kitafunio kingine, mara nyingi kizuri kuliko cha kwanza. Kinywaji ni kama euro 3. Vitatu vinakutosha mlo. Hulazimiki kunywa pombe: agiza maji, soda, au *mosto*, juisi ya zabibu ambayo haijachachushwa. *Tinto de verano* ni divai, usidanganywe na barafu na limau.

Mtihani ni nguruwe. Kwa kawaida huchagui kitafunio, unaletewa, na chaguo lao la kwanza ni *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa. Sema mapema, wakati wa kuagiza: *sin cerdo, por favor*. Halafu ongeza *sin jamón*, maana wapo wanaoichukulia *jamón* kuwa kitu kingine. Chaguo salama na tamu ni *berenjenas con miel*, biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa, na *remojón*, saladi ya machungwa na samaki wa chumvi. Anayetaka nyama halali aende Calderería Nueva na mitaa inayoizunguka, penye vyumba vya chai na migahawa ya Wamorocco. Anayeona *tortilla del Sacromonte* kwenye menyu ajue kwamba asili yake ni mayai na ubongo wa kondoo, pamoja na kende. Mimi sina neno nayo.

Jikoni hufunguka saa saba hadi saa kumi mchana, kisha saa mbili na nusu usiku kwenda mbele. Ukitafuta chakula cha jioni saa kumi na mbili utakula biskuti. Vikeki vidogo vinavyoitwa *piononos*, asili yake Santa Fe, vinafaa kwa saa hizo za njaa.

Nani Juan Latino, na kwa nini wanafunzi wa Kiafrika humtaja?

Alikuwa Mwafrika wa karne ya 16, aliyekulia utumwani katika nyumba ya mtawala wa Sessa. Kazi yake ilikuwa kumbebea vitabu kijana wa nyumba hiyo akienda darasani. Akasikiliza. Akajua Kilatini kuliko aliyembebea. Alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Granada, kilichoanzishwa mwaka 1531, akawa mwalimu wa Kilatini mjini humo, akamwoa Ana de Carleval, binti wa familia ya heshima. Mwaka 1573 Granada ilichapisha mashairi yake ya Kilatini, yakiwemo utenzi mrefu wa vita vya baharini vya Lepanto vya 1571. Ndani ya kitabu hicho anatetea rangi yake mbele ya mfalme bila kuomba radhi.

Kwa mapokeo alizikwa katika kanisa la Santa Ana, pale Plaza Nueva. Unapita mbele yake ukielekea Carrera del Darro, na watalii wengi hupita hapo wakitafuta aiskrimu. Wewe simama.

Mimi ni Mweusi. Nitarajie nini?

Granada ni mji wa chuo, umejaa wanafunzi wa kigeni, na hutatazamwa kama unavyotazamwa kwenye vijiji vya Castilla. Hata hivyo polisi stendi au kituoni wakitaka kukagua vitambulisho, mara nyingine huanza na Weusi. Inaudhi. Kuwa na TIE mkononi, jibu kwa utulivu, na una haki ya kuuliza sababu. Baadhi ya wahudumu watakusemesha Kiingereza hata baada ya wewe kuongea Kihispania kizuri. Endelea na Kihispania chako.

Wale wanawake wenye vijitawi karibu na kanisa kuu?

Ni rozmari. Anakupa kama zawadi, anashika kiganja, anakutabiria ndoa, halafu anadai pesa, na sarafu haitamridhisha. Mikono mifukoni, *no, gracias*, usisimame.

Flamenco Sacromonte, ni ya kweli au ya watalii?

Ni vyote viwili. Mapango ya Sacromonte ni nyumba za Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, tangu zamani, na *zambra* yao, aina ya flamenco, ilizaliwa humo, tena kwa wageni wameicheza tangu karne ya 19. Kiingilio huwa kati ya euro 20 na 30. Ukumbi mdogo ni bora kuliko mkubwa. Ukikataa kile kifurushi cha chakula cha jioni hutapoteza kitu.

Hali ya hewa?

Mji uko karibu mita 700 juu ya bahari, chini ya Sierra Nevada, ambako Mulhacén inafika karibu mita 3,480. Hiyo inamaanisha Januari usiku unakaribia sifuri na hosteli nyingi zina hita za kivivu. Julai na Agosti mchana huvuka nyuzi 35, na Alhambra ya saa nane mchana ni adhabu. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi yenyewe, na kwa hiyo ndiyo yenye foleni.

Nitumie kiasi gani kwa wikendi nzima?

Kitanda cha hosteli euro 20 hadi 35 kwa usiku, Alhambra kama 20, Capilla Real chini ya 10, chakula 15 kwa siku ukifuata vitafunio vya baa. Basi la mjini ni chini ya euro 2. Pamoja na basi la kutoka Madrid, mtu mwangalifu anatoka na chini ya euro 170. Mwenye kwenda flamenco na kununua vigae vya ukumbusho asiulize.

Jumapili maduka yakifungwa, nifanye nini?

Asubuhi kanisa kuu lina misa, watalii husubiri hadi mchana. Bañuelo na Corral del Carbón, nyumba ya karne ya 14 ambako wafanyabiashara walilaza bidhaa na wanyama wao, ni ziara za nusu saa kila moja, na Corral haina kiingilio. Anayependa kazi za mshairi García Lorca, aliyezaliwa 1898 kijiji cha Fuente Vaqueros na kuuawa nje ya Granada Agosti 1936 mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aende Huerta de San Vicente, nyumba ya kiangazi ya familia yake, ambayo sasa iko ndani ya bustani ya mji. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Naweza kuunganisha na Córdoba wikendi hiyohiyo?

Unaweza, na utaona stendi mbili vizuri sana. Córdoba ni chini ya saa mbili kwa treni kutoka Madrid na kama dakika 45 kutoka Sevilla, hivyo inafaa safari yake ya siku moja. Toledo nayo ni nusu saa tu kutoka kituo cha Atocha, Madrid. Hiyo nenda hata Jumanne, ukiwa huna kipindi.